Mfua maji niliyenyamaza

Saa nne na kitu asubuhi, mwezi wa tano, ubavuni mwa mlima mmoja juu ya ghuba ya Möllerfjorden kule Svalbard, visiwa vya Norwei vya kaskazini kabisa, theluji ikashuka chini ya miguu yangu.

Haikuporomoka. Ilishuka tu, kiasi cha unene wa kidole, yote kwa pamoja, ikatoa sauti. Wiki sita sasa natafuta sauti ile inafanana na nini, na kilicho karibu zaidi ni gunia la mchele linapobwagwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Huisikii sana masikioni, unaisikia tumboni. Halafu mbele ya skii yangu ya kushoto ukatokea ufa mwembamba kama uzi wa kushonea, ukapanda juu kama mita mbili tatu, ukasimama.

Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye msururu. Kiongozi wetu alikuwa mbele kabisa, ameshapinda nyuma ya nundu ya mlima na upepo unampiga usoni, hawezi kuwa amesikia. Kati yetu walikuwa wageni sita. Aliyekuwa karibu nami, mama mmoja wa makamo ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa ananisaidia kuosha vyombo bila kuombwa, akasimama, akageuka, akanitazama. Hakusema kitu. Aliniuliza kwa macho.

Nikamwinulia dole gumba.

Akageuka, akaendelea kupanda.

## Kuingilia mlima kwa baharini

Mnaosoma hapa siku nyingi mnajua kazi yangu ni jikoni na mnajua huku kaskazini ya Norwei nimeshamaliza majira ya baridi kumi na moja. Skii nilijifunza ukubwani, nikaipenda kuliko nilivyotarajia, hasa hii ya kupanda mlima kwa miguu yako mwenyewe bila lifti wala njia iliyotengenezwa. Chini ya skii unabandika kitambaa kirefu wanachokiita ngozi, na zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli, vinyweleo vyake vimelala upande mmoja, ukisukuma mbele vinateleza, ukitaka kurudi nyuma vinakamata. Unapanda pole pole saa tatu saa nne, juu unabandua ngozi unakunja unaweka kifuani zisigande, halafu unashuka kwa dakika ishirini ulichokipanda asubuhi nzima.

Mwaka huu nikapata kazi ya siku kumi kwenye yoti ya milingoti miwili, upishi na ubaharia pamoja. Mnalala chomboni, asubuhi boti la mpira linawapeleka ufukweni, mnavaa skii palepale kwenye mawe ya pwani mnaanza kupanda kutoka usawa wa bahari, jioni mnateremka mpaka majini mnachukuliwa, mnakula, na wakati mnalala chombo kinahamia ghuba nyingine. Tulikuwa watu tisa, wageni sita, nahodha, kiongozi wa mlimani na mimi. Nahodha haachi chombo, kwa hiyo kiongozi akihitaji mtu wa kukaa mkiani, mtu huyo ni mpishi. Yeye anabeba bunduki kwa ajili ya dubu, mimi nabeba bastola ya fataki za kumtishia, koleo, na ule mti mrefu wa kukunjua wa kumtafutia mtu aliyefukiwa.

Tuliondoka Longyearbyen, nyuzi 78 kaskazini, mji ambao kuanzia kama tarehe 20 Aprili mpaka karibu mwisho wa Agosti jua halizami. Siku ya pili tukapita Forlandsundet, ule mlango wa bahari kati ya Spitsbergen, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Svalbard, na kisiwa kirefu cha Prins Karls Forland. Katikati yake kuna fungu chini ya maji, kina kinapungua mpaka kubaki mita chache tu, meli kubwa zinalazimika kuzunguka nje. Nahodha akanituma omoni, mbele kabisa ya chombo, yeye anasoma kina kwa sauti, tano, nne na nusu, nne, na mimi macho majini, mikono imeganda, na kilichonijia kichwani ni mdomo wa mto Pangani, pale kwenye fungu la mchanga ambapo chombo kinangoja maji yajae ndipo kiingie. Nikajisikia nipo nyumbani, kwa kweli. Tulipolivuka injini ikazimwa, tukatweka tanga kubwa na la mbele, upepo wa ubavuni, chombo kikalala kidogo kikaanza kukata maji, na nilikuwa na mandazi mafutani, ikabidi nishuke mbio.

Upande huu wa magharibi wa Svalbard bahari inakuwa wazi mapema kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu unatoka Atlantiki unapanda mpaka huku. Ndiyo maana safari ya tanga na skii kwa pamoja inawezekana mwezi wa tano, theluji bado imejaa mlimani na barafu imeshaachia pwani.

Usiku, kama naweza kuuita usiku, tulikuwa tunapokezana zamu ya nanga. Krossfjorden, ghuba kubwa ambayo Möllerfjorden ni tawi lake, inaishia kwenye kuta za barafu zinazoteremka kutoka milimani mpaka baharini, na vipande vinakatika vinaelea, vingine vikubwa kama daladala, na kazi ya mtu wa zamu ni kusimama na upondo mrefu avisukume visigonge ubavu wa chombo wala visikae juu ya mnyororo wa nanga. Saa nane usiku jua linawaka, wenzako wote wamelala, na barafu inayoelea inatoa sauti ndogo ndogo kama mafuta yanayoanza kuchemka, tik tik tik, ni hewa iliyofungiwa humo tangu theluji ile ilipoanguka zamani sana, inatoka. Na macho ufukweni, kwa ajili ya dubu. Sheria mpya zilizoanza Januari 2025 zinataka mkae mbali naye mita 300, na kuanzia Machi mpaka mwisho wa Juni mita 500. Hatukumwona. Tuliona nyayo zake mara moja tu, kila moja pana kama sinia ndogo.

Nasimulia haya ili mjue nilikuwa na furaha. Sikuwa nimechoka, sikuwa naumwa, sikulazimishwa na mtu. Siku ile ya Möllerfjorden niliamka mzima kabisa.

## Shimo

Tulipofika juu ya nundu kiongozi alikuwa ameshavua begi. Akatuambia tusimame pale penye mwinuko mdogo, akashuka hatua chache ubavuni, akaanza kuchimba.

Kama hujawahi kuona, anachimba shimo la kwenda chini kama mita moja na zaidi, ukuta wa juu anaukata ukae wima ulionyooka, halafu kwenye ukuta ule anatenga mhimili wa theluji, upana sentimita thelathini kwa thelathini. Anaweka koleo juu yake kama sahani. Anapiga mara kumi kwa kukunja kiganja tu, kumi kwa kukunja kiwiko, kumi kwa mkono mzima kutoka begani, na anahesabu. Anachotafuta ni tabaka bovu, chembe za theluji zisizoshikana, kama sukari, zilizofunikwa na theluji ngumu iliyopangwa na upepo. Juu unaona pazuri unakanyaga pagumu, kumbe pale katikati panaelea.

Mapigo kumi ya kiganja hakuna kitu. La kwanza la kiwiko hakuna kitu.

La pili, mhimili ukatoka. Haukuvunjika hovyo, uliteleza mzima mzima kama droo ya kabati, ukaanguka mapajani mwake.

Akakaa kimya kidogo. Akapitisha kidole kwenye lile tabaka, zile chembe zikamwagika kwenye glovu yake. Kisha akasema tunarudi, tunapita palepale tulipopitia, mmoja mmoja, anayesubiri asimame penye mwamba.

Kilele kilikuwa kinaonekana. Ilikuwa siku yetu ya mwisho yenye anga safi, na utabiri wote wa siku zilizobaki ulikuwa mawingu. Kijana mmoja akauliza kama hatuwezi kuzunguka kwa kule, kiongozi akasema hapana, kwa upole kabisa, na mambo yakaishia hapo. Tukashuka. Nilipopita pale kwenye ule uzi wangu nikatazama, upepo ulikuwa umeshaufunika kwa unga mpya, huwezi kujua.

Hata hapo sikusema.

Jioni nikapika wali na samaki, wageni wakasifu. Kiongozi akaandika kwenye daftari lake mapigo kumi na mbili, mwelekeo wa mteremko, kina cha tabaka, na mimi namwangalia nikiwa nafuta meza. Sentensi moja tu ilihitajika. "Na mimi kule chini nilisikia ikishuka." Iko mdomoni kabisa. Nikafuta meza mara ya pili.

## Sababu niliyoifikia mwisho

Nilianza kwa sababu rahisi. Kwamba mimi ni mpishi, yeye ndiye mwenye ujuzi, amekulia kwenye milima hiyo. Kwamba angechimba tu, na alichimba. Kwamba hakuna aliyeumia.

Zote za kweli na zote hazinitoshi. Manake nilijua ile sauti ni nini. Tumefundishwa, na mimi nimefanya kozi mbili za maporomoko ya theluji kwa hela yangu. Theluji ikishuka namna ile chini yako ndiyo yenyewe inakwambia tabaka limevunjika, hakuna dalili iliyo wazi kuliko hiyo, shimo na koleo vinafuata nyuma. Na wengi wanaofukiwa na maporomoko wameyaangusha wenyewe, au mwenzao waliyefuatana naye. Ukishafukiwa, zile dakika kumi, kumi na tano za kwanza ndizo zenye matumaini, baada ya hapo yanashuka haraka sana. Desemba 2015 poromoko liliingia mpaka ndani ya Longyearbyen penyewe, mtaani, likabeba nyumba 11, watu wawili wakafa. Hakuna baharia wala kiongozi kule asiyelijua hilo.

Kwa hiyo nilijua. Nikainua dole.

Sababu niliyoifikia wiki ya tatu hivi, nikiwa namenya viazi kazini, ni hii, na naiandika kama ilivyo. Miaka kumi na moja nimekuwa nachunga nisiwe yule Mwafrika anayeogopa theluji. Huku watu ni wema, sina kisa cha kuwalaumu, lakini kuna lile tabasamu. Ukisema baridi kali leo, mtu anatabasamu, aah kwenu hakuna hii. Ukianguka kwenye skii, tabasamu. Ukisita mlangoni, tabasamu. Halina ubaya wowote ndani yake na limenijenga namna nisiyoipenda, kwa sababu nimejifunza kutosita. Nimejifunza kuwa wa mwisho kusema nimechoka. Na siku ile, sekunde ile mama aliponigeukia, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa poromoko, kilikuwa lile tabasamu.

Yaani niliogopa tabasamu kuliko mlima.

## Upo

Sasa kinachonichoma zaidi ni kwamba mimi somo hili nilishalipata zamani.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili, baba ananichukua kwenye mashua siku za likizo, kazi yangu kufua maji. Nakaa chini tumboni mwa chombo na upo wangu, ile kata ya kuchotea maji yanayoingia, nachota namwaga, nachota namwaga. Siku moja tuko nje ya kisiwa cha Maziwe, kusi linaanza kuvuma, baba yuko kwenye usukani na ami yangu anavuta nyavu, nikaona pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nafasi za mbao, imechomoka kati ya mbao mbili na maji yanaingia yanachemka kama chemchemi ndogo. Nikafanya nini? Nikafua haraka zaidi. Niliona nikisema watadhani nimechoka, mtoto ameanza kulalamika. Nikafua mpaka mabega yakawaka moto, maji yakatoka kwenye vifundo yakafika katikati ya muundi, na ndipo ami akageuka akaona.

Tulimwaga samaki wote baharini. Tukarudi na tanga nusu, ami ameziba kwa kanzu yake, akiishikilia kwa mguu.

Baba hakunipiga. Tulipofika ufukweni na chombo kimeshavutwa, akachuchumaa mbele yangu, akauokota ule upo akanirudishia mkononi. Akasema, mimi natazama tanga, ami yako anatazama nyavu. Maji nani anayatazama?

Nikasema, mimi.

Akasema, haya.

Hakulirudia tena neno hilo maishani.

## Johansen

Niliporudi Tromsø, mji wangu wa huku kaskazini, nikawa sipati usingizi vizuri, nikaanza kusoma habari za watu wa zamani wa skii na tanga kwenye barafu, nikawa narudi kwa mtu mmoja, Hjalmar Johansen.

Huyu alitaka sana kwenda na Nansen, mvumbuzi wa Norwei, kwenye meli ya Fram mwaka 1893, nafasi hakuna, akakubali kwenda kama mchochea moto wa boila. Machi 1895 ndiye Nansen aliyemchagua, wakaiacha meli ikiwa imekamatwa na barafu, wawili tu, na skii, mbwa 28, sledi tatu na kayaki mbili, waitafute Ncha ya Kaskazini. Mwanzoni mwa Aprili, nyuzi 86 na dakika 13, hakuna mtu aliyewahi kufika kaskazini namna ile, Nansen akaona barafu mbele imebiringana mpaka upeo wa macho, akasema turudi. Wakarudi. Safari yenyewe ya kurudi ilichukua mwaka na zaidi, wakijenga tanga juu ya sledi upepo ukiwa mzuri, wakifunga kayaki mbili pamoja na kuzitwekea tanga penye maji. Dubu alimwangusha Johansen akawa amemshika koo kwa mkono wakati Nansen anahangaika kuifikia bunduki. Baridi nzima wakalala kwenye kibanda cha mawe na ngozi za walarasi, mfuko mmoja wa kulalia, wakila dubu. Na wakati wote huo walikuwa wanaitana kwa lugha ya heshima, ile ya mtu na mkubwa wake. Mpaka mkesha wa mwaka mpya ndipo Nansen akapendekeza waanze kuitana kama marafiki.

Nilipoisoma hiyo nilikaa nayo siku nzima. Miezi tisa wawili peke yao kwenye barafu, na bado kuna ngazi katikati yao.

Lakini kilichonikamata ni ya 1911. Johansen yuko Antaktika safari hii, na Amundsen, Mnorwei mwingine anayetaka kuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Amundsen ana haraka, anaogopa Waingereza watamtangulia, na tarehe 8 Septemba akaondoka na watu saba mapema mno, majira ya kuchipua hayajafika, kambini kabaki mpishi tu, Lindstrøm. Baridi ikashuka mpaka nyuzi 56 chini ya sifuri. Wakalazimika kurudi. Siku ya mwisho Amundsen akatangulia na sledi ya mbwa wazima pamoja na wenzake wawili, na msafara ukakatika vipande vipande. Mmoja, Prestrud, miguu imeganda, mbwa wake wameisha nguvu. Johansen akamsubiri. Akamleta gizani, hawana chakula wala jiko, wakafika kambini baada ya saa sita usiku.

Asubuhi mezani, mbele ya wote, Johansen akamwambia Amundsen kosa lake waziwazi.

Amundsen akamtoa kwenye msafara wa kwenda nchani, akamweka kwenye kikundi kidogo cha kuelekea mashariki, chini ya uongozi wa Prestrud yuleyule aliyemwokoa. Tarehe 14 Desemba 1911 wenzake watano wakasimama Ncha ya Kusini. Johansen hakuwepo. Januari 1913 alijiua, mjini Oslo, wakati huo ukiitwa Kristiania.

Sitaki kusema kifo chake kilitokana na ile asubuhi moja. Alikuwa na mengine, pombe ikiwemo. Lakini nimejiuliza sana, yeye alisema na akalipa, na mimi sikusema na sikulipa chochote, nililipwa mshahara wangu kamili pamoja na bakshishi. Na huku Norwei kuna kanuni tisa za mlimani, hubandikwa ukutani vibandani, mojawapo inasema geuka mapema, hakuna aibu kugeuka. Naipenda kanuni hiyo. Ila inaongea na aliye mbele. Aliye mbele anageuka kwa kile anachokijua, na aliye nyuma akikalia alichokisikia, aliye mbele anageuka kwa bahati tu.

Kuna siku nilitaka kujitetea kwa malezi. Kwamba sisi tumelelewa kwa shikamoo, na mtu uliyemwamkia asubuhi huwezi kumwambia mchana anakosea. Haikusimama. Kwenye yoti yetu hakuna shikamoo, nahodha anaitwa kwa jina lake, kiongozi ni mdogo kwangu miaka sita na alishaniambia mara mbili, ukiona kitu piga kelele. Na aliyenilea kwa shikamoo ndiye aliyenirudishia upo mkononi.

## Simu

Nikampigia baba.

Nikamwamkia, akaitikia, akauliza hali ya wajukuu, nikamwambia. Kisha nikamsimulia mlima wote, na kueleza theluji inayoshuka chini ya miguu kwa mzee wa Pangani kulinichukua muda, mwisho nikamwambia ni kama fungu unalolikanyaga maji yakiwa yametoka, juu pakavu pagumu, chini tope. Akasema ameelewa.

"Mlipanda watu wangapi?"

"Wanane, baba."

"Wakashuka?"

"Wanane."

"Alhamdulillahi."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake nyuma. Nilikuwa nangoja aniulize habari ya kiongozi, nimwambie ninavyofikiria kumwandikia, ninavyoogopa nisiitwe tena mwakani.

"Yule mama," akasema. "Aliyekugeukia. Anajua?"

Wiki tano nilikuwa nimeufikiria mlima, nimemfikiria kiongozi, nimemfikiria Johansen, nimejifikiria mimi zaidi ya wote. Yule mama nilikuwa nimeshamwandikia, ndiyo, wiki mbili baada ya safari. Aliniomba namna ya kupika mandazi, nikamtumia, vikombe vitatu vya unga, iliki usibane, tui la nazi zito. Mwishoni nikaweka alama ya tabasamu.

"Hajui," nikasema.

"Basi mwambie, mwanangu. Yeye ndiye aliyekuuliza."

## Majibu mawili

Usiku ule nikaandika barua mbili.

Kiongozi alijibu ndani ya saa moja. Sikuona neno la lawama wala la kuniliwaza. Aliuliza wapi hasa. Kabla ya mwamba mweusi au baada? Ufa ulikwenda juu au ulikwenda pembeni? Ulikuwa umbali gani na aliyekutangulia? Nikachukua karatasi ya kuokea nikachora mteremko wote kama ninavyoukumbuka, mwamba, nundu, mstari wa nyayo zetu, nikaweka alama ya msalaba, nikapiga picha nikamtumia. Akajibu kwamba pale palikuwa na mwinamo mkali kuliko pale alipochimba, na kwamba angejua, asingewapitisha wageni hapo wakati wa kushuka. Angetafuta njia nyingine.

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Tulipita pale mara mbili.

Mama alichukua siku nne. Barua yake ni fupi. Anasema mandazi yamemtoka vizuri mara ya pili, ya kwanza mafuta hayakuwa ya moto vya kutosha. Anasema anashukuru kwa kumwambia. Halafu anasema na yeye alisikia, tena aliona na ule ufa, na alikuwa ameshafungua mdomo kumwita kiongozi.

"Nikageuka kukutazama wewe kwanza," ameandika, "ukaniinulia dole."

Bado sijamjibu.